Walipolala Vipepeo wa Moraa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwanika kipepeo juu ya pareto. Nilimkuta asubuhi kando ya njia, amelowa umande, miguu imeshika jani la nyasi, hasogei hata nilipompulizia. Kwetu, juu ya vilima vinavyoitazama Keroka, kila kitu kilichowekwa juani kiliwekwa ili kikauke: nafaka ya wimbi juu ya mkeka, nguo juu ya ua, maua ya pareto juu ya kichanja kilichotandikwa gunia. Kwa hiyo nilimchukua kwa ncha za vidole, nikamweka katikati ya yale maua, nikaketi na daftari langu kungoja aruke. Alitetemeka, akalala ubavu, na kabla ya saa sita alikuwa amekufa. Moraa, msichana wa jirani, alikuwa akipita na kikapu chake cha kuchumia. Alisimama akanitazama. "Karani," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa kunikejeli, "hujui pareto inanunuliwa ya nini? Umemtia sumu ukidhani unamkausha." Kila mtoto wa kilima kile alijua kwamba maua yale hutengenezwa dawa ya kuua wadudu. Mimi pia nilijua. Lakini nilikuwa nimeshaandika kwa wino, chini ya mstari niliopiga kwa rula, kwamba kipepeo hufunua mabawa juani ili yakauke, na sikuweza tena kufikiri nje ya mstari huo. Nilichofanya baadaye kinanieleza kuliko kosa lenyewe. Nilichana ukurasa wa siku ile, nikautia motoni, kisha nikanunua daftari jipya na kunakili kurasa zote zilizotangulia, ili mtu yeyote asione mahali palipochanwa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya msiba. Mwaka jana alifariki Bwana Salim, mfanyabiashara wa vitambaa wa Keroka, mtu aliyenifungulia njia ya maisha yangu yote. Nilisafiri toka Nairobi asubuhi ile ile niliyopata habari, maana Waislamu hawakawii kuzika, na hata hivyo nilifika wanaume wakirudi kutoka makaburini. Nilipelekwa chumba cha nyuma ya duka nikapewa kiti. Chumba hakikuwa kimebadilika sana. Ile kabati ya droo nyembamba alimohifadhi vipepeo ilikuwa pale pale, na harufu ya dawa ya nondo iliyochanganyika na harufu ya kitambaa kipya ilinirudisha nyuma miaka hamsini kwa pumzi moja. Nilikuwa nikijisemea kwamba mimi ndiye niliyemjua mzee huyu kuliko watu wote waliomo nyumbani mle, na wazo hilo lilikuwa likinifariji. Ndipo nikamwona mwanamke mzee ameketi karibu na ile kabati, amejitanda leso, anakunywa chai kama mtu aliyekwisha kuizoea nyumba. Mjukuu wa marehemu alimpita akamwambia, "Bibi, kuna kaimati zaidi jikoni." Alikuwa Moraa.

Mwaka ninaousimulia ni ule nilioukaa nyumbani baada ya darasa la saba, nafasi ya kidato cha kwanza ikiwa imenipita. Wenzangu walikwenda na masanduku yao ya bati. Mimi nilibaki na kitabu kimoja cha Kiingereza kuhusu wadudu, kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo, na kamusi niliyoazima nikasahau kuirudisha. Nilijifundisha peke yangu. Niliamka mapema nikatembea mipaka ya mashamba, kutoka pareto hadi migombani, kutoka migombani hadi kwenye kijito, nikiandika nani ametua wapi na amekaaje. Niligundua kwamba wale weusi wakubwa hulala kifudifudi juu ya jiwe, mabawa wazi kabisa, migongo ikiwa upande linakotoka jua. Wale wadogo wa buluu hufunua nusu tu, kama mtu anayefungua kitabu bila nia ya kusoma. Wa manjano hawafunui kamwe. Hufunga mabawa na kujiinamisha ubavu hadi karibu waanguke. Yote haya niliyaona sawasawa. Ila kila mkao niliuandikia sababu ile ile: anajikausha. Herufi ikinitoka vibaya nilianza ukurasa upya. Kuna asubuhi nilizopoteza zote kwa ajili ya herufi moja, na vipepeo wakaja wakaenda bila mimi.

Bwana Salim alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyeona kazi hii kuwa kazi. Alikuwa kijana bado wakati ule, mwenye ndevu fupi, baba yake akiwa amehamia naye Keroka kutoka mbali, na lugha yetu, Ekegusii, aliijua ya bei na salamu tu. Mchana aliuza vitambaa, na saa alizopata aliwapanga vipepeo ndani ya zile droo za kioo, kila mmoja na kikaratasi chake. Mara moja kila wiki nilitembea karibu saa mbili kumpelekea daftari. Nilivua viatu vya matope mlangoni, nikaketishwa kwenye mkeka, nikaletewa chai ya tangawizi na mandazi, na nilikula kwa mkono wa kushoto kwa kuogopa kutia mafuta kwenye kurasa kwa mkono wa kulia, mpaka mkewe, Bi Zuhura, akanionya kwa upole kwamba katika nyumba ile watu hawali kwa kushoto. Niliona haya hadi masikio yakaniwaka. Nilikosa usingizi kwa sababu ya mkono ule. Bwana Salim alisoma polepole, akinung'unika "Huenda," kila alipofika kwenye neno kukausha. Halafu siku moja akaniambia kwamba ana rafiki Nairobi anayewahifadhi wadudu kwa ajili ya wataalamu, na rafiki huyo anatafuta kijana wa kukaa naye, kutazama na kuandika. Atapeleka jina moja mvua zikiisha. Hakusema litakuwa langu. Lakini nani mwingine katika vilima vile alikuwa na daftari? Nilirudi nyumbani nikipanda kilima bila kuhisi miguu.

Sikumfikiria Moraa hata kidogo. Moraa hakuandika kitu. Aliinama kwenye pareto kutwa nzima, na labda kwa sababu ya kuinama huko aliyaona mambo ya chini yaliyonipita mimi niliyesimama na kalamu. Aliyasema njiani, bila kusimama, jinsi mtu anavyosema kwamba mvua itanyesha. Siku moja, akinikuta nimepiga magoti mbele ya kipepeo mweusi juu ya jiwe, aliniuliza kwa nini naandika kwamba anajikausha wakati usiku wa jana haukuwa na umande. "Anaota jua tu," akasema. "Kama nyanya yangu asubuhi." Akaenda zake. Nilikaa pale nikiwa na hasira niliyoshindwa kuipa jina, maana mimi nilikuwa nimetumia miezi kuuzunguka mstari wangu na yeye aliutupa kando kwa maneno machache huku akichuma ua. Ningeweza kwenda kuhakikisha. Badala yake nilianza kukwepa njia aliyopita.

Kulikuwa pia na jambo la Sabato. Nyumbani kwetu tulikuwa Waadventista, na kuanzia jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi sikushika kalamu. Kutazama nilijiruhusu, baada ya kuombea jambo hilo kwa wiki nzima, ila kuandika kulikuwa kazi. Moraa na watu wao walikuwa Wakatoliki. Jumamosi yangu nzima, nikiwa kwenye benchi kanisani na kola imenikaba, yeye alikuwa nje na macho yake. Niliwahi kuihesabu moyoni siku ile moja ya kila wiki ambayo Mungu alimpa yeye na kuninyima mimi, na nikatubu, na Jumamosi iliyofuata nikaihesabu tena.

Basi siku ya soko Moraa alikwenda Keroka kumnunulia mama yake kitambaa, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kidogo, mama yake aliniomba nimsindikize nimsemee. Bwana Salim alikuwa na sanduku la kioo kaunta, ndani yake wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye mabawa membamba yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyoguswa na mafuta. Moraa aliwatazama akasema kwa Ekegusii, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hawa anawajua. Jumamosi jioni, sisi tukiwa bado kanisani, alisema, alishuka kuchota maji akawaona wamelala pamoja chini ya ukingo wa kijito, kwenye vijiti vikavu, wamejaa hata kijiti hakionekani. Na kila jioni wanarudi pale pale. Asubuhi jua likichelewa kufika wanachelewa kuondoka, kwa sababu wanangoja joto. Bwana Salim aliniuliza amesema nini. Nilitafsiri mahali, vijiti, jioni. Ile habari ya joto sikuitafsiri. Nilijiambia ni kwa ajili ya kufupisha.

Bwana Salim alisimama. Kwa miezi yote niliyomletea daftari hakuwahi kusimama. Alisema Jumapili atakuja na gari mapema, kabla jua halijafika kwenye ukingo ule, binti amwonyeshe mahali. Akampunguzia bei ya kitambaa, akampa kaimati zimefungwa kwenye gazeti. Moraa alianza kuzila palepale dukani. Mimi niliomba maji ya kunywa, nikaenda chumba cha nyuma, na huko, nikiwa nimesimama na kikombe mkononi, niliwasikia Bwana Salim na Bi Zuhura wakizungumza upande wa pili wa pazia.

"Sasa barua utamwandikia nani?" mkewe aliuliza. "Yule kijana wa watu amekuja kila wiki, viatu vimemwishia njiani."

"Makori ni mtu wa bidii. Lakini yule msichana ana macho, Zuhura. Kijana ana daftari."

"Na daftari si kitu?"

"Ni kitu. Lakini madaftari yanauzwa duka la jirani."

Bi Zuhura alicheka kidogo. Sidhani alikuwa na ubaya. Nilirudisha kikombe mahali pake, nikakigeuza mpini uangalie upande ulioangalia mwanzo, nikatoka. Njia yote ya kurudi Moraa alinipa kaimati, na nilikataa, na aliniuliza kama naumwa tumbo.

Jumamosi ile mahubiri yalikuwa marefu. Jua lilipotua nilishuka moja kwa moja kijitoni nikiwa bado na nguo za kanisani. Walikuwepo. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa kutosha kuona. Walining'inia chini ya vijiti kwa safu, mabawa yamefungwa, kila mmoja akimgusa mwenzake, na aliyechelewa alipotua wote walifunua mara moja na kufunga tena, kama watu wanaosogea kwenye benchi kumpa mtu nafasi. Nimetazama wadudu maisha yangu yote tangu siku ile, na sijaona kitu kizuri kuliko kile. Nilichohisi mbele yake hakikuwa furaha. Nilihisi kwamba ni wa Moraa. Nilirudi nyumbani nikala ugali wa wimbi na mboga za saga bila kusema neno, na mama akasema mahubiri lazima yamenigusa.

Jumapili niliamka kungali giza kidogo, nikashuka peke yangu. Nilikuwa nimepanga jambo dogo tu: nivitikise vile vijiti, waruke, wajitawanye, na Bwana Salim akifika asikute kitu. Nilishika kijiti kikubwa kwa mikono miwili nikakitikisa. Hawakuruka. Walianguka bila sauti, kama maua ya pareto yanayomwagwa kutoka kikapuni, wakalala kwenye nyasi na kwenye tope, miguu juu. Niliwapungia sweta. Niliwarusha hewani kwa viganja, wakaanguka tena. Niliwagusa mabawa, yalikuwa makavu kabisa, maana ule ukingo uliwakinga na umande. Hapo nilianza kuogopa kweli. Mtu yeyote ambaye angefika angewaona pale chini na kujua kwamba kuna mkono uliowaangusha. Ng'ambo ya kijito, juu ya mawe, kulikuwa na kipande cha jua kilichokwisha kufika. Niliwakusanya ndani ya sweta, nikavuka maji, nikawamwaga juu ya mawe. Nikarudi mara ya pili, na ya tatu.

Walifunua mabawa. Mmoja baada ya mwingine walijigeuza wakaelekeza migongo kwenye jua, wakalala bapa, wakawa kimya. Kisha mabawa yakaanza kutetemeka, mtetemo mdogo ambao usingeuona kama hukupiga magoti. Nilikuwa nimepiga magoti. Baada ya muda unaotosha kuimba wimbo wa kanisa wenye beti nne, wa kwanza aliinuka akapita karibu na uso wangu. Halafu wengine, hata mawe yakabaki matupu. Mabawa yalikuwa makavu na hawakuweza kuruka. Jua liliwapata wakaruka. Hakuna aliyekuwa akikauka. Walikuwa wakiota jua, kama nyanya yake Moraa asubuhi. Nilipanda kilima mbio, nikafungua daftari, na bila kupiga mstari kwa rula nikaandika yote niliyoyaona, ila sikuandika kwa nini nilikuwa pale.

Gari lilifika kwenye saa mbili, ukingo ukiwa bado kivulini. Moraa alitangulia, ametia mafuta usoni na kuvaa gauni la kwenda misa. Alifika kwenye ukingo akasimama. Vijiti vilikuwa vitupu. Kwenye tope kulikuwa na bawa moja la rangi ya chungwa. Bwana Salim aliinama akaliokota, akatazama huku na huku, akaniambia nimuulize binti kama ana hakika ni hapa. Nilimuuliza. Moraa hakumtazama Bwana Salim. Alitazama zile nyasi tulizozishukia, halafu akaitazama suruali yangu iliyolowa hadi magotini.

"Mwambie walikuwa hapa," akasema.

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sababu sasa maneno yale hayakuwa na nguvu ya kunidhuru. Bwana Salim aliitikia kwa adabu, jinsi mwenye duka anavyomwitikia mteja anayedai kwamba kitambaa kimepunjwa. Ndipo nikampa daftari. Aliusoma ule ukurasa mpya amesimama, akarudia kuusoma.

"Umeyaona haya mwenyewe, Makori?"

"Nimeyaona mwenyewe, Bwana Salim."

Ulikuwa ukweli, na ndiyo maana niliusema bila kigugumizi. Barua ilikwenda na jina langu. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa Nairobi, nimekaa mbele ya meza yenye taa, nikiandika kwa mwandiko wangu safi vikaratasi vya wadudu waliokamatwa na watu wengine. Kazi hiyo niliifanya hadi nikastaafu. Moraa aliolewa upande wa Ikonge, na mimi nilishukuru kwamba ni mbali.

Sasa alikuwa mbele yangu katika chumba cha msiba, na alinisogezea sahani ya kaimati kabla ya kunisalimu. "Karani umezeeka," akasema. Tulizungumza habari za watoto na wajukuu, na za marehemu. Nilimwambia sikujua kwamba waliendelea kujuana. Akashangaa. Alisema Bwana Salim alikuwa amerudi kwenye kile kijito katika juma la pili baada ya Jumapili ile, peke yake, bila mkalimani, akawakuta wamelala kama kawaida, akaja hadi kwao kumwomba radhi mama yake. Kisha Moraa alipoolewa Ikonge, yeye mwenyewe akatafuta vipepeo wengine kama wale huko, kwenye bonde chini ya shamba lao la chai, akawapata, na tangu hapo mzee alikuja kila mwaka mvua zikiisha, na kiti chake cha kukunja, hata macho yalipofifia. Wakati huo alikuwa akimwambia Moraa amwelezee wanafanya nini. Akainuka akavuta droo moja. Ndani, kwenye kila kikaratasi, kwa mkono wa Bwana Salim, ilikuwa imeandikwa: Ikonge, kwa Moraa.

Nilivihesabu. Nilikuwa mtu wa karibu miaka sabini, nimekuja kumzika mtu, na nilisimama pale nikihesabu jina la mwanamke kwenye vikaratasi. Mimi nimeandika maelfu ya vikaratasi kama vile, na hakuna mahali popote duniani palipoitwa kwa jina langu.

"Moraa," nikasema, "ile Jumapili."

"Niliona," akasema. "Umande ulikuwa umekatwa kutoka kwenu hadi kijitoni, kama njia ya ng'ombe. Na wewe umelowa."

"Mbona hukusema?"

Alicheka, akafunika mdomo kwa leso kwa sababu ya msiba. "Ningemwambia nini? Kwamba kijana wa Sabato ameamka alfajiri kupigana na vipepeo? Nani angeamini? Na tafsiri ningefanyiwa na nani? Na wewe?" Akanywa chai. Halafu akasema, sasa bila kucheka, kwamba kilichomuuma hakikuwa ile kazi ya Nairobi, maana baba yake asingemruhusu. Kilichomuuma ni kuitikiwa kwa adabu na mtu asiyemwamini, na kwamba alisubiri siku kumi aaminiwe.

Nilimwomba msamaha. Alisema sawa, akaniuliza kama nitakula hizo kaimati au niko vile vile. Nilikula, kwa mkono wa kulia.

Niliporudi Nairobi nilitoa lile daftari la mwaka ule, lenye mwandiko usio na doa. Nilifungua ukurasa wa vipepeo wa kijitoni nikaandika pembeni, kwa kalamu iliyokuwa ikivuja, kwamba mahali hapo paligunduliwa na Moraa, kwamba ndiye aliyesema kwanza kuwa wanangoja joto, na kwamba walianguka kwa sababu niliwatikisa mimi. Nyuma yake nikaandika tena habari ya yule aliyekufa juu ya pareto. Mara mbili nilikosea neno. Nililikata, nikaliacha hapo.

Wivu haujaniisha. Ila siku hizi kila ninachokiandika hutanguliwa na jina la aliyekiona kwanza, na sichani tena karatasi.